Salama Kiasi

Katika kijiji kimoja cha juu ya Matombo, mtu aliyekuwa na karatasi ya Kiingereza aliipeleka kwa Mwalimu Lukasi Kobelo. Hapakuwa na pengine pa kuipeleka. Padre alikuwa chini misheni, mwendo wa saa mbili kushuka na saa tatu kurudi. Bwana shamba alipita mara moja kwa mwezi, na mvua zikianza hakupita kabisa. Katibu wa kijiji aliishia darasa la nne. Lukasi ndiye aliyesoma hadi darasa la nane, akachukua miaka miwili ya ualimu, na tangu mwaka wa Uhuru alikuwa akifundisha Kiingereza kwa watoto waliokuja shuleni na umande miguuni.

Alipoletewa karatasi alinawa mikono kwanza. Halafu alivaa miwani, akaisoma kimya, akaisoma tena kwa sauti kwa Kiswahili, pole pole, ili mwenye karatasi asikie kila neno. Hakuwahi kusema kwamba hapa pamemshinda. Neno likimtatiza aliangalia maneno yaliyo jirani nalo, akakisia, akaendelea. Mara nyingi alipatia. Watu wakamshukuru kwa mkungu wa ndizi au kwa machungwa, naye mkewe Agnes akayapokea, na sifa ya mwalimu ikazidi kupanda mlimani.

Mwezi wa Aprili 1976 alirudi Filomena Mbena.

Filomena alikuwa mpishi wa uji katika kituo cha kulelea watoto wadogo, kile kilichoanzishwa ili akina mama waende shamba la kijiji bila watoto migongoni. Kisha akaanza kukohoa. Alikohoa miezi mitatu akisema ni moshi wa kuni, mpaka asubuhi moja alipotema damu mbele ya watoto. Kilikuwa kifua kikuu. Walimpeleka hospitali ya misheni iliyokuwa mbali, safari ya siku mbili, akakaa huko mwaka mmoja na nusu akidungwa sindano na kumeza vidonge. Mumewe alikuwa amekwenda zamani kukata mkonge Kimamba na hakuonekana tena, kwa hiyo binti yao wa pekee, Veronika, alichukuliwa na Regina, dada mkubwa wa Filomena.

Basi akarudi, mashavu yamejaa, anapanda mlima bila kusimama kupumua, na mkononi ana bahasha yenye barua ya daktari wa Kizungu. Halmashauri ya kijiji ilikutana siku ile ile. Mwenyekiti, Mzee Kasiani, aliketi mezani na wajumbe wake, Filomena akaketi peke yake kwenye benchi la karibu na mlango. Mwalimu Lukasi, aliyekuwa mjumbe pia, alipewa barua.

Ilikuwa fupi. Ilitaja jina lake, tarehe ya kuingia na tarehe ya kutoka, kisha sentensi moja tu: *She is now quite cured, and it is quite safe for her to be with children.* Lukasi aliisoma kimya, na akaona hakuna kitu humo cha kumsumbua. Kila neno alilijua. Hilo *quite* alilijua tangu darasa la sita, maana mwalimu wake alikuwa ameandika ubaoni kwa mstari: *very* ni sana, *quite* ni kiasi, *rather* ni kidogo. Naye aliwaandikia wanafunzi wake hivyo hivyo kwa miaka kumi na mitano.

"Barua inasema hivi," akawaambia. "Filomena sasa amepona kiasi, na ni salama kiasi yeye kuwa pamoja na watoto."

Wajumbe walitazamana. Mzee Kasiani aliinama mbele.

"Kiasi gani, mwalimu?"

"Daktari hakuandika kiasi gani."

Filomena alinyanyuka kutoka kwenye benchi akasema kwamba sista aliyekuwa akimpa dawa alimwambia kwa mdomo wake kwamba amepona, aende akampakate mtoto wake. Mwenyekiti alimjibu bila ukali. Alisema masista ni watu wa huruma, humpa mgonjwa moyo, lakini daktari akishika kalamu huandika lililopo. Mjumbe mmoja aliuliza nani kati yao angekubali mtoto wake anyweshwe uji ulio salama kiasi. Ikapitishwa kwamba Filomena apumzike mpaka atakapopata barua ya kusema amepona sawasawa. Alime, lakini mstari wake wa pembeni. Asishike vyombo vya watu. Mtoto abaki kwa Regina. Mikono ilinyanyuliwa, na wa Lukasi ulikuwamo, kwa sababu kitinda mimba wake naye alikuwa akilelewa pale kituoni. Barua ikatiwa kwenye faili la kijiji, na faili likafungiwa kabatini.

Kuanzia hapo Filomena aliishi miezi minane kama mgeni katika kijiji alichozaliwa. Kijitoni wanawake walimsubiri achote aondoke ndipo wao washuke. Kanisani, walipopanda hadi kigango Jumapili, alikaa benchi la mwisho na hapakuwa na aliyesogea kukaa naye. Nyumba ya Regina ilikuwa ng'ambo ya njia, hatua thelathini kutoka mlangoni mwake. Asubuhi alimenya chungwa, akaliweka juu ya jiwe lililokuwa katikati, akarudi nyuma. Veronika alikuja, akalichukua, akala huku akimtazama mama yake, kisha akaitwa.

Lukasi alipita njia ile kila siku akienda shule. Alizoea kuangalia upande wa bonde.

Agnes, aliyekuwa rafiki ya Filomena tangu walipopata komunyo ya kwanza pamoja, alimwuliza mumewe jioni moja mbona mwenzake hakohoi hata mara moja. Lukasi alimwambia kwamba ndiyo maana ya kupona kiasi. Alilisema jibu hilo haraka, kisha akatoka nje kuangalia kabichi zake ambazo hazikuhitaji kuangaliwa. Kuna kitu kilikuwa kikimkwaruza. Kwa nini daktari amruhusu mgonjwa ambaye hajapona, tena amwandikie barua? Lakini kila swali hilo lilipomjia alilirudisha lilikotoka, kwani kulijibu kungemlazimu kwenda kuifungua upya barua ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeifunga.

Desemba shule zilipofungwa, aliitwa Morogoro kwenye semina ya wiki mbili ya walimu wa Kiingereza. Alishuka Matombo kwa miguu, akapata lori la ndizi lililopitia Mkuyuni, akafika mjini akiwa na vumbi hadi masikioni. Alifikia Mafiga kwa binamu yake Patrick, karani wa serikali, ambaye alimpisha chumba na kumtania kwamba sasa atarudi mlimani akiongea kwa pua.

Semina iliongozwa na Bi. Ester Mhando, mkufunzi wa chuo cha ualimu, mama mfupi mwenye sauti ya chini iliyowafanya walimu thelathini wanyamaze ili wamsikie. Wiki ya kwanza Lukasi aliifurahia. Alijibu maswali, akasahihisha wenzake, akaanza kuitwa mzee wa darasa. Jumanne ya wiki ya pili Bi. Ester aliandika ubaoni sentensi mbili na kuomba mtu azitafsiri. *The soup is quite hot. The pot is quite empty.*

Lukasi alinyanyua mkono. "Mchuzi ni wa moto kiasi. Sufuria ni tupu kiasi."

"Ya kwanza umepata," alisema Bi. Ester. "Sasa hiyo ya pili, mwalimu, nieleze. Sufuria tupu kiasi ikoje?"

Darasa lilicheka, na Lukasi mwenyewe akacheka. Alifikiri, akasema labda imebaki ukoko. Wakacheka zaidi. Bi. Ester aliwaacha wamalize, kisha akaeleza. Kuna maneno ya sifa yenye ngazi, alisema, kama moto, urefu, uzuri. Kitu kinaweza kuwa kizuri kidogo, kizuri, kizuri mno. Hapo *quite* mara nyingi husimama katikati ya ngazi, nacho ndicho kile kiasi mlichofundishwa. Lakini kuna maneno yasiyo na ngazi. Tupu ni tupu. Aliyekufa amekufa. Kazi imekwisha au haijaisha. *Quite* ikikaa mbele ya maneno ya namna hiyo haipunguzi chochote. Maana yake ni kabisa. Sufuria haina kitu kabisa.

Wenzake walikuwa wakiandika. Kalamu ya Lukasi ilikuwa imesimama. Alinyanyua mkono tena, na sauti iliyotoka haikuwa ya mzee wa darasa.

"Na *cured*, mwalimu? Mtu akiandikiwa *quite cured*?"

"Amepona kabisa."

"Na *safe*?"

"*Quite safe* ni salama kabisa. Ndivyo mtu anavyomwambia mwenzake ili asiwe na hofu."

Wakati wa chai Lukasi hakunywa chai. Aliiandika barua yote ya daktari kwa kumbukumbu, maana miezi minane ilikuwa haijamtoka kichwani, akampelekea Bi. Ester alipokuwa amesimama barazani na kikombe chake. Alimweleza barua ni ya nani, ilisomwaje, na mwenye barua anaishije tangu isomwe. Hakuficha kwamba msomaji alikuwa yeye. Bi. Ester aliisoma mara mbili, akaweka kikombe chini ukutani.

Alimwambia kwamba yeye ni mwalimu wa Kiingereza, si daktari, na hawezi kumpima mtu kifua. Lakini maneno yale, kama ndivyo yalivyoandikwa, hayana shaka yoyote ndani yake. Kisha akamwuliza mtoto ana umri gani.

"Anakaribia miaka mitano."

"Semina inaisha Ijumaa," alisema Bi. Ester. "Wewe kesho usije."

Alimwandikia tafsiri kwa mkono wake, akaeleza chini yake kwa mistari minne kwa nini neno lile husomwa vile, akatia sahihi na kwenda ofisini kuomba muhuri wa chuo. Alijua vijiji. Karatasi isiyo na muhuri ingerudi na maswali.

Jumatano asubuhi Lukasi alipata lori mpaka Mkuyuni. Huko mvua ilikuwa imeikata barabara, dereva akakataa kuendelea, na Lukasi akavua viatu, akavifunga shingoni kwa kamba, akashika njia kwa miguu. Alikuwa na mchana mzima wa kufikiri, na mawazo yaliyomjia hayakuwa mazuri yote. Karatasi yenye muhuri ilikuwa mfukoni, imefungwa kwenye nailoni. Angeweza kusema kwamba chuoni wameleta maana mpya. Angeweza kusema Wazungu wamebadilisha lugha yao. Kijiji kizima hakikuwa na mtu wa kumbishia, na jina lake lingebaki kama lilivyokuwa. Alilala Matombo kwa katekista mmoja anayefahamiana naye, na alfajiri akaanza kupanda akiwa na uongo huo umeshakamilika kichwani, hata sauti ya kuusemea ameshaichagua.

Lakini njia ile huingilia kijijini upande wa nyumba ya Filomena. Alimkuta uani akichambua maharage kwenye ungo. Alipomwona mwalimu amesimama, matope magotini, alisogeza ungo nyuma kama alivyozoea kufanya kila mtu anapokaribia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Filomena, usisogee." Lukasi alikwenda akakaa juu ya kinu kilicholala chini, karibu naye kuliko mtu yeyote alivyokaa kwa miezi minane. "Ile barua yako niliisoma vibaya. Ilisema umepona kabisa. Salama kabisa. Mimi ndiye niliyeweka kiasi."

Uongo wote wa njiani ulikuwa umemtoka, hakujua saa ngapi. Filomena aliendelea kuchambua, punje moja, punje mbili, kisha mikono yake ikatulia.

"Neno lenyewe ni lipi?"

"*Quite.*"

"Kwaiti," alisema Filomena, akilijaribu mdomoni. "Mimi nilijua, mwalimu. Sista aliniambia. Kuna siku nilitaka kushuka misheni nikawaombe masista waisome upya, lakini barua iko kabatini, na ningemwambiaje Mwenyekiti? Kwamba mwalimu hajui Kiingereza? Nani angenisikiliza?"

Lukasi alimwomba radhi. Hakuipamba. Filomena hakusema amemsamehe wala hajamsamehe. Alimwuliza kama amekula, na aliposema hapana, aliingia ndani akatoka na kikombe cha chai na muhogo wa kuchemsha. Alivishika kidogo mlangoni kabla ya kumpa, akimtazama. Lukasi alipokea kwa mikono miwili, akanywa chai yote, akala muhogo wote. Wanawake wawili waliokuwa wakipita njiani walisimama kuangalia.

Halmashauri ilikutana alasiri hiyo. Barua ilitolewa kabatini na Lukasi akasimama kuisoma kwa mara ya pili. Safari hii alieleza kwanza alichojifunza, na aliposema juu ya sufuria tupu kiasi, mjumbe mmoja mwanamke alicheka, kisha akaziba mdomo alipokumbuka ni jambo gani lililokuwa mezani. Alionyesha karatasi ya Bi. Ester. Mzee Kasiani aliugusa muhuri kwa kidole.

"Kwa hiyo aliyekosea ni nani? Daktari au wewe?"

"Mimi, Ndugu Mwenyekiti."

Lukasi alisubiri aambiwe neno zito, na alikuwa tayari kulibeba. Mzee Kasiani aliondoa kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena. Akasema kwamba mwalimu alisoma neno moja vibaya, lakini mikono iliyonyanyuliwa siku ile ilikuwa zaidi ya mmoja, na hakuna hata mkono mmoja uliouliza kama kuna mtu mwingine wa kuisoma. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa tahadhari, akaagiza karatasi zote mbili ziteremshwe misheni kesho, na Filomena aende nazo akapimwe, na mwalimu amsindikize.

Walishuka asubuhi wakiongozana na Agnes. Sista wa zahanati ya misheni alisikiliza kifua cha Filomena mbele na mgongoni, akamwambia avute pumzi, akohoe, avute tena. Akasoma barua ya daktari, akasoma na ile ya Bi. Ester. Alichukua kalamu akaandika chini kabisa, kwa Kiswahili chake cha herufi kubwa: AMEPONA. KABISA. Akapigia mstari neno la pili, akauliza nani alikuwa na shaka.

Kurudi walipanda polepole. Agnes na Filomena walitangulia wakizungumza bila kukata, mambo ya miezi minane yakimwagika yote kwa pamoja, nani kaolewa, nani kazaa. Lukasi alifuata nyuma akiwasikiliza, na alijiona mwepesi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni ambao alikuwa ameuzoea kiasi cha kuusahau. Kwenye kona ya mwisho Filomena alimgeukia, akamwambia kwamba barua nyingine ikija atampelekea yeye, lakini ataisoma mara mbili. Lukasi alisema mara tatu.

Regina aliposikia alikaa chini mlangoni pake, akalia. Alisema alikuwa akimwogopa ndugu yake wa tumbo moja, na kwamba hofu hiyo ilimchosha kuliko jembe. Wanawake walikuja kwa Filomena mmoja mmoja, wengine na unga, wengine na kisingizio cha kuazima chumvi. Siku kituo kilipofunguliwa Januari, wa kwanza kuleta mtoto alikuwa mke wa Mzee Kasiani, ameshika mkono wa mjukuu. Kitinda mimba wa Lukasi alikuwa wa pili.

Aliyechelewa kuridhika alikuwa Veronika. Alikuwa amezoea kulala na watoto wa Regina, watano kwenye mkeka mmoja, na kwa mama yake palikuwa kimya mno. Jioni ya kwanza alilala huko akalia hadi akarudishwa. Ya pili hakutaka hata kwenda. Ya tatu alikula kwa mama yake, akanawa, akaaga kama mgeni mwenye adabu. Filomena hakumlazimisha. Alimwambia Agnes kwamba kukataliwa na mtoto unayeweza kumgusa si sawa na kutengwa naye. Mtoto ana haki ya kukataa, na yeye ana muda.

Asubuhi ya kwanza shule zilipofunguliwa, Lukasi alikuwa akienda kazini na madaftari kwapani alipomwona Veronika akivuka njia, nguo zake zote amezikumbatia kifuani, shuka linaburuta nyuma yake. Alikuwa amekunja uso. Alifika mlangoni kwa Filomena, akazitupa nguo ndani, akatangaza kwamba hamsikilizi tena mama mkubwa, kwa kuwa nyumbani kwake wanakula mlenda kila siku.

"Hata mimi leo nimepika mlenda," alisema Filomena kutoka ndani.

Mtoto alifikiri hapo mlangoni kwa muda. Kisha akaingia.